Dobi Aliyekwepa Neno

Shati likitoka mikononi mwa yule dobi lilikuwa linaweza kwenda kazini peke yake. Kola ilisimama hata mwenye shingo akiwa amelala. Karani mmoja wa mahakama alifungua kabati lake asubuhi akakuta suruali imeshakaa kitini, imekunja nne, inamsubiri wafuatane. Hapo nimetia chumvi, lakini ile ya kuonja tu.

Alipanga chumba cha mbele katika nyumba yetu, kile ambacho mlango wake unafungukia barabarani. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikiota moto, na kopo alilolitoboa kifuniko kwa msumari ili anyunyizie maji. Kamba ilikata chumba kutoka ukuta hadi ukuta, nguo za watu zimepangwa juu yake bila hata moja kuikanyaga nyingine. Mimi chumba changu ni cha uani, karibu na bomba. Hapakuwa na maji ya sabuni yaliyopita mfereji ule bila mimi kujua yametoka kwenye nguo ya nani na mwenyewe alikuwa wapi usiku wa jana.

Alikuwa pande la mtu. Akikupa mkono unahisi umekabidhiwa mpini wa jembe. Lakini mpole mpaka anaudhi. Mtoto akilia barabarani anaacha pasi anatoka kuuliza kuna nini. Alikaa peke yake, hakunywa, hakugombana, na majirani wenye mabinti walishaanza kumchungulia.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu kwake. Neno kupiga halikuwa kinywani mwake. Nanyi mnajua lugha yetu ilivyo, piga inatufanyia kazi zote kama punda wa ukoo: tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, hata soga tunapiga. Yeye hapana. Nguo alikuwa anazinyoosha. Kwenye simu alikuwa anamwita mtu. Mlangoni alikuwa anabisha. Uani kwetu tukambatiza Bwana Nyoosha, naye akaitika.

Nikaona haiwezekani. Nikaweka kigoda mlangoni pake nikamtega mchana kutwa. Nikamwuliza harusini ngoma inafanywaje. Inachezwa, Bibi. Mstari je? Unachorwa. Kelele? Zinaletwa na wewe, Bibi. Nikaona huyu ananiweza, nikatoa la mwisho: na mbizi je, watoto wanaifanyaje kule mtoni? Alifikiri mpaka shuka ikaanza kunuka moshi.

"Bibi," akasema, "mimi kuogelea sijui."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani ni mchezo wake, kama wangu wa kuongeza chumvi.

Kwamba alitoka ndani, wote tulijua. Zamani aliajiriwa kwenye duka la nguo, yakakutwa marobota ya wizi stoo, tajiri akapotea, yeye akachukuliwa. Alikaa mahabusu miaka, kesi inaahirishwa, kesi inaahirishwa, mwisho wakamwachia bila hata kumsomea hukumu. Hakuzungumzia habari hiyo. Na mtu asipozungumza yake, majirani wanamzungumzia, wa kwanza mimi.

Sasa akaja Mwenyekiti. Huyu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, mkufu wa bosi wake ukapotea, akafungwa; mkufu ukaja kuonekana nyuma ya kabati wakati yeye ameshazoea kulala kwenye saruji. Alipotoka hakwenda kujificha kwa ndugu. Alikusanya wenzake waliotoka ndani wakaunda chama, na kazi ya chama ilikuwa moja: kusimama mbele za watu na kusema kinachofanyika mle, kila mtu kwa mdomo wake, mpaka kikome.

Walichotaka kikome kuliko vyote kilikuwa fimbo ya nyapara. Mle mahabusu, wakubwa walikuwa wanachagua mfungwa mmoja mwenye nguvu, wanamwita nyapara, wanampa fimbo na upendeleo kidogo, naye anawapiga wenzake badala yao. Mtu akija kuuliza kuhusu majeraha, wakubwa wanafungua viganja visafi: sisi hatujamgusa mtu, hawa wanapigana wenyewe.

Chama kilikutana kwenye darasa la shule siku ambazo watoto hawapo. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chai, na kwa sababu pahali ambapo watu wanasimulia bila kunialika pananiwasha. Nikamkokota Bwana Nyoosha, nikamwambia nahitaji wa kunishika mkono kwenye ngazi. Ngazi hazikuwepo, naye alijua hazipo. Akaja hivyo hivyo.

Alikaa nyuma, magoti yamegusa kidevu kwenye dawati la watoto. Watu wakasimama mmoja mmoja, wakasema, wakakaa. Halafu nikaona pande la mtu linainuka pembeni yangu, hakuna aliyemwita. Na mvua nayo ikachagua saa hiyo kushuka juu ya mabati.

Alisema polepole, kwa sauti ya chini, huku anatazama vidole. Alisema habari ya ua wa nyuma na ndoo iliyokuwa inawekwa pale. Sisi tulikuwa tunamsikia katikati ya mvua kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Na tukasikia hivi: nilipigwa mpaka mkono ukafa ganzi. Hapo akakaa, akafunika uso.

Darasa lilijaa kwikwi. Mwenyekiti mwenyewe alitoa leso. Kutoka mstari wa mbele akainuka dada mmoja mwembamba mwenye sare ya wafanya usafi wa hospitali, akapita kati ya madawati mpaka kwake. Mdogo wake alikuwa fundi wa kupiga lipu, mcheshi, mkavu wa mwili hata wenzake wakamwita Kijiko. Alichukuliwa katika msako wa mtaani, akawekwa mahabusu ile ile, miaka ile ile, na siku moja dada akaitwa akaambiwa mdogo wako ameteleza bafuni, njoo na shuka. Tangu hapo alikuwa anatafuta mtu aliyekuwa mle. Akaishika ile mikono mikubwa kwa yake miwili.

"Kumbe uliteseka naye, kaka yangu," akasema.

Nilimwona Bwana Nyoosha anafungua mdomo. Nilikuwa karibu, nilimwona vizuri. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Kuanzia hapo mimi nilipata kazi. Habari ile niliitembeza mtaa mzima, na kila nilipofika niliiongezea nguo. Nilisema fimbo ya kwanza ilivunjika, ya pili ikavunjika, ya tatu ikaomba likizo. Nilisema alipigwa huku anaimba. Nilisema mgongo wake una makovu yaliyopangana kama ngazi, mtoto anaweza kupanda. Wateja wakaanza kuleta hata nguo safi ili wamwone. Wengine walimwomba avue shati waone ngazi. Yeye alijifunga vifungo mpaka juu, kwenye joto la pasi mbili, jasho likimtiririka, akiwaambia nguo zitakuwa tayari jioni.

Mgongo wenyewe nilishauona, akinawa pale bombani. Ulikuwa laini kama wa mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Nikajiambia mwili wake unapona vizuri. Ndivyo nilivyo, jambo likinipendeza silichunguzi.

Dada wa Kijiko naye akaanza kuja. Mwanzoni alileta sare yake inyooshwe. Bwana Nyoosha akakataa malipo. Halafu akaja na watoto wake. Halafu siku moja, mbele yangu na mbele ya ndoo zangu, akawaambia wale watoto: huyu alikuwa na mjomba wenu mpaka mwisho, alikula naye shida, basi kuanzia leo huyu ndiye mjomba wenu. Watoto hawana mambo mengi. Wakamrukia, Mjomba, Mjomba, mdogo akaning'inia kwenye mkono wa kulia kama kwenye tawi.

Wiki ile alianza kuunguza nguo. Dobi yule, ambaye kola zake zilikuwa zinasimama zenyewe. Aliunguza suruali ya mwalimu mkuu, akaacha alama ya pasi makalioni, kamili na ncha yake. Mwalimu mkuu alipoandika ubaoni wanafunzi walijifunza jambo ambalo halikuwa kwenye somo. Aliunguza pazia. Akapungua mwili mpaka mkanda ukaongezwa tundu. Nikamtania kwamba amependa, nikamtajia hata na mjane mmoja. Hakucheka. Aliniambia tu, Bibi, mkaa wa siku hizi una moto mbaya.

Ikatangazwa kwamba tume inakuja. Watu watatu wametumwa na serikali kusikiliza habari za mahabusu ile, na mkubwa wa zamani, ambaye ameshastaafu, ataitwa ajibu. Chama kikafurahi. Mwenyekiti akapanga mashahidi, na wa mwisho, wa kufungia, akamweka Bwana Nyoosha. Kisha akaja kwangu uani, akaniomba nimfundishe kidogo kusimulia. Alisema mtu huyu anasema maneno mawili anakaa, na wewe Bibi unaweza kumweka mtu mdomo wazi mpaka inzi aingie na kutoka. Nilivimba kichwa, nikakubali.

Nikaenda mchana, pasi zimepoa, nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Nikamweleza siri ya kazi yangu. Nikamwambia, mwanangu, mimi nikisema nimekutana na chui, nasema chui alikuwa na jicho bovu. Watu hawaamini chui, wanaamini jicho. Sasa wewe chui wako nimemwona, nitafutie jicho. Nani alishika fimbo?

Nyapara, akasema.

Nyapara wa namna gani, mrefu, mfupi? Mrefu. Mweupe, mweusi, ana pengo? Akaanza kunyoosha shuka ya mezani kwa kiganja. Ulikuwa umesimama au umelala? Akaendelea na shuka. Nikaanza kukasirika, nikamwambia habari zangu za uongo zina mikono na miguu, na hii yako ya kweli haina hata mkono. Haya, basi, huo mkono uliokufa ganzi ni upi?

Aliinua wa kulia, akautazama kama kitu alichookota.

"Huo ulipigwa wapi? Begani? Kiwikoni?"

Akauteremsha taratibu juu ya meza.

"Bibi," akasema, "siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Mimi sikusema nilipigwa. Nilisema nilipiga."

Nilikaa pale juu ya nguo za watu na ulimi wangu wote. W moja. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na mzigo kichwani, lakini hata mimi najua w haina uzito wa punje ya mchele. Na nyuma yake alikuwa amejificha mtu mzima.

Akanisimulia, sasa akilitumia neno lile kila mara, kama mtu aliyefungua bomba lililoziba. Mkubwa wa mahabusu walikuwa wanamwita Mwalimu, kwa sababu kipigo alikiita somo. Alimchagua yeye kwa ajili ya ile mikono mikubwa. Alimwambia faili lako linaweza kusogea au linaweza kulala, shika hii. Akaishika. Alipata nafasi ya kulala karibu na dirisha, akapata sabuni. Aliwapiga watu ambao walikuwa wanagawana naye maji. Kijiko kosa lake ni kwamba walikuja wageni kukagua, akawauliza kwa sauti mbona hatupelekwi mahakamani. Wageni walipoondoka Mwalimu akaagiza kiti kitolewe nje kwenye ua, akasema mpe somo. Akampa. Kijiko hakumaliza siku ya pili.

Akaniambia kuna kipande kingine cha ile siku ambacho hawezi kunipa. Sikumlazimisha, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nilichomwambia baada ya hapo hakikuwa kizuri. Nilimwambia aiache ile w pale ilipo. Nilisema inafanya kazi njema. Watu wanalia, tume inakuja, fimbo zitakatazwa, na yule dada ana mtu wa kumwita kaka. Ukiing'oa unabomoa nyumba uliyoingiza watoto. Nilisema kwa upole wote, nami ndiye niliyeipamba w ile mpaka ikawa na makovu ya kupanda kama ngazi.

Aliniacha nimalize.

"Waliopigwa wote walikuwa wamelazwa kifudifudi," akasema. "Hakuna aliyemwona anayeamuru. Niliyekuwa nimemtazama usoni ni mimi peke yangu. Nikisema nilipigwa, Mwalimu anakwenda nyumbani kula."

Nikamwambia basi angalau yule dada asije akalisikia ukumbini, mbele za watu. Aende akamwambie kwake. Akakubali. Siku hiyo hiyo alinyoosha ile sare ya hospitali kwa uangalifu ambao sijauona, akaitundika kwenye hanga, akaishika juu isiguse vumbi, akaondoka. Nilikaa mlangoni pake kulinda pasi. Alirudi mikono mitupu, uso umemkauka.

Nikamwuliza. Akasema alibisha, wakamfungulia. Watoto wakamrukia. Dada mtu akamtengea chakula, akamkalisha kwenye kiti kinachotazama mlango, kile ambacho Kijiko alikuwa anapenda. Akala.

"Ukamwambia?"

"Nikala, Bibi. Nikashukuru, nikatoka."

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wenye mapanka ya darini yaliyokuwa yanazunguka bila kuleta upepo. Watatu mezani, mkuu wao jaji mzee mwenye miwani inayoteremka puani. Upande mmoja alikaa Mwalimu na wakili wake. Nilitegemea kuona jitu. Alikuwa mzee msafi, mwenye adabu. Alisimama aliponiona, akaniamkia kwa mikono miwili, akamwambia kijana mmoja anipishe kiti. Nusura nimpende. Dada wa Kijiko alikaa mbele kabisa na ile sare, imenyooka utadhani imechorwa mwilini.

Mashahidi walipita tangu asubuhi. Kila mmoja nilipigwa, tulipigwa, walipigwa. Wakili alikuwa anawauliza swali moja tu, kwa upole: ulimwona mteja wangu anapiga? Hapana. Ulimwona anaamuru? Nilikuwa nimelala kifudifudi. Asante, kaa.

Akaitwa Bwana Nyoosha. Alisimama, akaapa, akasema jina lake. Akaeleza ua wa nyuma, kiti kilipokuwa, ndoo ilipokuwa. Sauti ilikuwa ya chini lakini hapakuwa na mvua. Akasema: nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Jaji alikuwa amesikia w kutoka asubuhi. Masikio yake yalishazoea njia. Akasukuma miwani juu, akamgeukia mwandishi wake, akamtamkia polepole ili anakili: shahidi anasema alipigwa mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma. Dada alikuwa ameweka mkono kifuani. Mapanka yanazunguka. Na mimi, na moyo wangu mbaya, nilikuwa nasema kimoyomoyo: kaa, mwanangu. Wamekupa tena ile w. Kaa chini.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Sikupigwa. Nilipiga. Mimi ndiye niliyekuwa nyapara. Aliyenipa fimbo ni yule pale, na niliyempiga ni mdogo wake dada huyu aliyekaa mbele."

Nilimwona Mwenyekiti anasimama, halafu anasahau kwa nini amesimama. Dada hakugeuka. Mgongo wake ulibaki umenyooka ndani ya ile sare.

Wakili aliinuka kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua, siyo? Ndiyo. Na unasema mteja wangu aliamuru. Aliamuru nianze. Wakili akasogea. Nianze, akarudia, na kuendelea je, aliamuru nani?

Hapo angeweza kusema ni Mwalimu, yote ni Mwalimu. Ukumbi mzima ungemwamini, pamoja na mimi. Badala yake akatoa kile kipande alichoninyima.

Alisema Kijiko alikuwa mcheshi hata pale chini. Alipokwisha kupigwa sana alisema, bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma: kaka, badilisha mkono, huo umechoka. Wafungwa waliokuwa wamepangwa nyuso zikitazama ukuta wakacheka. Hawakuweza kujizuia.

"Afande hakusema neno tena," Bwana Nyoosha akasema. "Nilikasirika kwa sababu walinicheka. Zile za baada ya kicheko zilikuwa zangu."

Kutoka mbele ikatoka sauti moja. Nimesikia watu wakilia na nimesikia watu wakicheka, ile ilikuwa imekwama katikati. Dada alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Nadhani alimsikia mdogo wake. Maneno yale yalikuwa yake kabisa, hakuna mwingine angeyasema.

Wakili akakaa, ameridhika. Lakini jaji alikuwa amevua miwani. Akauliza, wakati watu wanacheka, huyu mzee alikuwa wapi. Kwenye kiti. Anafanya nini? Anamenya chungwa. Alipoona unaendelea akafanya nini? Aliendelea kumenya. Jaji akauliza, ulikuwa umbali gani naye.

"Maganda yalikuwa yananiangukia mguuni, mheshimiwa."

Jaji akamtazama Mwalimu. Ukumbi wote ukamtazama. Yule mzee mwenye adabu akaanza kutafuta kitu mfukoni mwake, akakitafuta kwa muda mrefu, hakukipata.

Tulipotoka, dada alipita karibu na Bwana Nyoosha pale mlangoni. Nilijua atamzaba kofi, na nilijua yeye angeshukuru. Hakumgusa.

"Usije kwangu," akamwambia. "Watoto nitawaambia mwenyewe."

Mwalimu alishtakiwa. Bwana Nyoosha naye alishtakiwa, na siku waliyokuja kumchukua alikuwa ameshazima pasi na kurudisha nguo za watu zote. Chama kilipasuka kidogo. Walikuwepo waliosema amekisaliti, na waliokumbuka mkono wake migongoni mwao, maana wao walilala vyumba vingine, walimjua kwa fimbo tu, naye alikaa nao kwenye chai miezi yote ile hawajui. Mwenyekiti alinuna mpaka nikamwogopa. Halafu akaja mwanamume mmoja, halafu mwingine, wakasimama kwenye lile darasa na kusema wao pia walishika fimbo, na nani aliwapa. Watu wa tume wakaandika kwamba ukomeshwe utaratibu wa nyapara na fimbo. Mimi sijaingia mle kukagua. Wanaotoka wanasema nyapara bado yupo, fimbo haionekani.

Mimi ndiye ninayekwenda kumwona siku za wageni. Mtaani wananisubiri niwaletee habari, na wananiambia Bibi umeharibika, siku hizi unasimulia kama karani. Najaribu chumvi, naona mkono hauendi.

Dada wa Kijiko alikuja siku moja pale bombani. Hakusalimia. Alisimama na ndoo tupu, akaniambia nikienda nimwulize Bwana Nyoosha, mdogo wake alikuwa analala wapi mle. Nikamwuliza. Akasema karibu na mlango. Kijiko alikuwa anasema atakayelala mlangoni atakuwa wa kwanza kusikia jina lake likiitwa. Nikapeleka jibu. Alisikiliza, akaondoka.

Akaja na lingine. Ile sabuni niliyompelekea aliipata? Nikamwuliza. Akanitazama kupitia wavu.

"Mwambie alipata nusu," akasema. "Nusu niliichukua mimi."

Nilipeleka hivyo hivyo, na ulimi ulikuwa mzito kuliko ndoo. Nilidhani ataacha. Hakuacha. Alikuja na mengine: alikuwa anakohoa? Nani alikuwa rafiki yake? Aliwasimulia ile hadithi ya ng'ombe aliyeingia kanisani? Bwana Nyoosha alijibu yote, polepole, akiangalia asizidishe. Hakuna mwingine aliyebaki na miezi ile ya mwisho ya Kijiko. Alikuwa nayo yeye.

Juzi akaja na swali ambalo lilichukua muda kumtoka. Baada ya kile kipigo cha ua wa nyuma, mpaka ile siku ya pili, alinitaja?

Nikalipeleka. Bwana Nyoosha alishika wavu kwa vidole vyake vikubwa. Alifikiri mpaka askari akaanza kutuambia muda umekwisha.

"Mwambie sijui," akasema. "Nilikaa mbali naye. Sikutaka kumsikia."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jibu zuri mdomoni. Lilijitunga lenyewe, sikulihangaikia. Kwamba alimtaja, kwamba alisema dada asilie sana, na akaongeza utani mmoja hapo, kwa kuwa yeye ni Kijiko. Nani angenikamata? Lingekuwa dogo, na yule dada angelala.

Nilimkuta kwake, anaanua nguo. Watoto walikuwa ndani, hawakutoka. Alisimama na nguo zimejaa mikononi, akautazama mdomo wangu.

"Hajui," nikamwambia. "Anasema alikaa mbali naye. Hakutaka kumsikia."

Akabaki amesimama pale na nguo zake. Halafu akaniuliza siku ya wageni inayofuata ni lini. Nikamtajia. Akasema sawa, atafikiri cha kuuliza.